Jina Moja, Nakala Kumi: Namna ya Kununua Filamu za Kale za Wanyonya Damu

Andika jina Nosferatu kwenye duka lolote la mtandaoni uone: diski zitajipanga kuanzia juu hadi chini, nyingi zikiwa na picha ileile kwenye kasha, kile kivuli chenye kucha ndefu kinachopanda ngazi. Bei hazifanani hata kidogo. Mnunuzi mgeni huchukua ya bei ya chini, akijiambia kwamba filamu ni ileile tu. Siyo. Kati ya hizo kuna isiyofika dakika 70 na kuna inayopita 90. Kuna yenye buluu na manjano, na kuna ya kijivu mwanzo mwisho. Kuna ambayo mnyonya damu anaitwa Orlok, na kuna ambayo anaitwa Dracula. Filamu hizi zimepita mikononi mwa mahakimu, wakaguzi, wafilisi na wachuuzi, na kila aliyezishika amekata au amechomeka kitu. Kwa hiyo usinunue jina, nunua nakala. Na nakala inaweza kukaguliwa hata kabla hujatoa pesa.

Wanyonya damu ninaowazungumzia ni wale wa Ulaya na Marekani, wa jeneza na meno marefu. Mumiani aliyewatisha watu wa pwani yetu enzi za ukoloni ni habari nyingine, tumwache apumzike.

Tuanze na Nosferatu yenyewe, maana hakuna iliyoumizwa kuliko hiyo. F. W. Murnau aliiongoza Ujerumani, ikaoneshwa rasmi Berlin tarehe 4 Machi 1922. Kampuni iliyoitengeneza, Prana-Film, iliichukua riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ikabadili majina ya wahusika na kuihamishia hadithi Ujerumani, bila kulipia haki. Mjane wa Stoker, Florence, akaenda mahakamani. Kampuni ilikuwa imeshafilisika, lakini mama huyo hakuachia, na mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizopona ni zile zilizokuwa zimeshavuka mipaka, na huko zilikokwenda zilikatwa, zikatafsiriwa, zikaungwa upya kwa matakwa ya wenyeji. Ndiyo maana nakala fulani za Marekani zimerudisha majina ya riwaya, Orlok akawa Dracula. Ukiliona hilo, jua umeshika kitukuu cha filamu, si filamu.

Unachotafuta ni ukarabati wa taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, uliofanywa mwaka 2005 na 2006 chini ya Luciano Berriatúa. Kwenye Blu-ray umetolewa na Kino kwa soko la Marekani, na Eureka kwa soko la Uingereza katika mfululizo wao wa Masters of Cinema. Una maandishi ya Kijerumani yenye tafsiri ya Kiingereza chini, na muziki wa Hans Erdmann, aliyeitungia filamu hii ilipotoka. BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, nayo ina toleo lake lenye muziki wa James Bernard, yule mtunzi wa filamu za Dracula za kampuni ya Hammer. Muziki wa Bernard unatisha zaidi, ila wa Erdmann unakwenda na picha vizuri zaidi. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua yenye Erdmann.

Kuna tukio moja la kupimia nakala yoyote ya Nosferatu. Orlok amefika mjini, amebeba jeneza lake kwapani, anapita mitaani akitafuta nyumba aliyonunua. Murnau alilipiga tukio hilo mchana kweupe, kwa sababu filamu za wakati ule hazikuweza kunasa kitu gizani. Baadaye nakala zilitiwa rangi ya buluu, na kila mtazamaji wa 1922 alijua kuwa buluu ni usiku. Tazama tukio hilo kwenye nakala ya kijivu na hadithi nzima inavunjika: mnyonya damu anatembea juani kama mtu aliyetumwa sokoni, kisha mwishoni jua hilohilo linamuua. Na hapo ndipo penye uzito, maana ni filamu hii iliyoleta habari ya mwanga wa jua kumwangamiza mnyonya damu. Dracula wa kwenye riwaya hutoka mchana na hadhuriki. Basi ukiwa dukani, au ukitazama kipande cha majaribio mtandaoni, nenda moja kwa moja kwenye tukio la jeneza. Likiwa la kijivu, rudisha.

Kipimo cha pili ni dakika. Filamu zisizo na sauti hazikupigwa zote kwa kasi moja, na nyingi zilikuwa za polepole kuliko kasi ya picha 24 kwa sekunde iliyokuja na sauti. Ukiziendesha kwa kasi ya leo, watu wanatembea kama wanaofukuzwa na nyuki na filamu inaisha mapema. Nosferatu iliyokarabatiwa ina dakika 94 hivi. Kama unataka kuionja tu kabla ya kununua, nakala za bure zimejaa mtandaoni, na nchini Marekani filamu hii haina tena hakimiliki. Ukiwa na rafiki mwenye kipaji cha kutafsiri filamu kwa mdomo, kama wale wa vibanda vya video, mpe hii. Maneno ni machache, nafasi ya kupiga porojo ni kubwa.

Dracula ya mwaka 1931, ya Universal, iliyoongozwa na Tod Browning na kumpa Bela Lugosi umaarufu asioweza kuuvua tena, haina matatizo mengi hivyo. Mwenye mali yupo na amekuwa akiitunza. Ukarabati uliotoka kwenye Blu-ray mwaka 2012 ni mzuri, na mwaka 2021 kampuni hiyo iliitoa kwa 4K ndani ya boksi moja na Frankenstein, The Invisible Man na The Wolf Man. Kama una TV ya kawaida, Blu-ray inakutosha kabisa. 4K inaongeza weusi wa vivuli kwenye lile jumba la kifalme alilolipiga Karl Freund, na itakuonesha vizuri zaidi wale kakakuona wa Marekani wanaotambaa sakafuni, ambao Transylvania hawajapata kuonekana.

Mambo mawili yasikutie wasiwasi. Kwanza, ukimya. Filamu hii karibu haina muziki zaidi ya ule wa mwanzo na kipande cha ukumbini, na chini ya ukimya huo unasikia mkwaruzo mwembamba wa sauti ya zamani. Diski si mbovu. Matoleo kadhaa yanakupa njia ya pili ya sauti yenye muziki aliotunga Philip Glass mwaka 1998, ukapigwa na Kronos Quartet. Ujaribu mara moja, kisha urudi kwenye ukimya. Mimi naona ukimya ndio unaomfanya Lugosi atishe, maana hana hata meno marefu ya kuonesha. Pili, mwisho wa ghafla. Mwaka 1936 filamu iliporudishwa kumbini, wakaguzi walitaka milio ya Dracula anapochomwa mti moyoni na mayowe ya mtumishi wake Renfield yapunguzwe, na ile hotuba fupi ya Profesa Van Helsing, mpinzani wake, ya kuwaaga watazamaji iondolewe. Milio imerudishwa kwenye diski. Hotuba haikurudi.

Kitu cha kuhakikisha kabla ya kulipa ni kama ndani ya kasha mna Dracula ya Kihispania. Mchana Browning alikuwa akipiga filamu yake, na usiku, kwenye majukwaa yaleyale, George Melford akipiga yake na waigizaji wengine kabisa, Carlos Villarías akiwa Dracula na Lupita Tovar akiwa Eva. Wa usiku waliweza kuona kazi ya wa mchana na kuirekebisha, na inaonekana: kamera inatembea zaidi, nguo za wanawake ni za kuthubutu zaidi, na filamu ina dakika 104 dhidi ya 75 za Browning. Villarías hamfikii Lugosi, hilo tuseme wazi. Lakini kama filamu, ya usiku imeshinda. Katikati utaona picha inachujuka kwa muda, na hapo kosa si la deki yako. Kipande hicho kilikuwa kimepotea na kikaja kupatikana Cuba.

Hapa niingize mambo ya deki, kwa sababu ndipo pesa za wengi zinapopotelea. DVD zina namba za maeneo na deki isiyotambua namba haichezi kitu. Marekani na Kanada ni 1. Uingereza, Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba ni 2. Afrika Mashariki tumewekwa kwenye 5. Blu-ray zina herufi: Marekani ni A, ila Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati karibu zote ni B. Maana yake ni kwamba kwa aliyeko Nairobi, Dodoma au Muscat mwenye deki halali ya Blu-ray, diski ya Uingereza itacheza na ya Marekani inaweza kukataa. Ndugu aliyeko Minneapolis akikununulia zawadi, mwambie kwanza asome nyuma ya kasha. Diski za 4K hazina kufuli ya eneo, lakini angalia: Blu-ray ya kawaida inayowekwa pamoja nayo kwenye kasha moja inaweza kuwa nayo. Deki nyingi za DVD za bei nafuu hucheza namba zote. Za Blu-ray ni nadra, uliza kabla.

Na usihukumu DVD ya Uingereza kwa dakika peke yake. DVD za huko huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo Dracula ya dakika 75 inakuwa 72 bila kukatwa hata unywele. Blu-ray haina ujanja huo.

Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1932, inunue ukijua unachonunua. Picha yake ina ukungu. Dreyer na mpiga picha wake Rudolph Maté waliutaka ukungu huo, wakapitisha mwanga kwenye kitambaa chepesi mbele ya kamera. Hakuna ukarabati utakaouondoa, na ukiona nakala inayojigamba kuwa angavu, mtu ameichakachua. Negativu za asili hazipo tena, tulichonacho kimeunganishwa kutoka nakala za Kijerumani na Kifaransa, na Criterion ya Marekani na Eureka ya Uingereza ndizo za kuaminika. Usiiweke baada ya chakula kizito. Ivumilie hadi pale kijana anapojiona amelazwa jenezani, macho wazi, kifuniko kikiwa na kidirisha cha kioo, na sisi tukiwa ndani pamoja naye tunaangalia paa na matawi yakipita juu. Wakaguzi wa Ujerumani walipunguza kifo cha daktari anayefukiwa na unga kinuni, lakini hilo la jeneza walilipitisha.

Sasa Hammer. Dracula ya mwaka 1958, ya Terence Fisher, ndiyo iliyomleta Christopher Lee na damu nyekundu kwa rangi, na Peter Cushing kama Van Helsing anayekimbia juu ya meza. Marekani iliuzwa kwa jina Horror of Dracula ili isigongane na ile ya Universal. Ni filamu moja yenye majina mawili, usije ukainunua mara mbili. Hata hivyo, kuinunua mara mbili kuna mantiki yake, na sababu ni hii.

Wakaguzi wa Uingereza waliikata filamu. Kwa miaka mingi wapenzi walisikia kwamba Japani ilioneshwa nakala kali zaidi, na wengi wakadhani ni uzushi. Mwaka 2011 roli za nakala hiyo zikapatikana katika hifadhi ya filamu ya taifa jijini Tokyo, zikiwa ni mabaki: roli za mwanzo ziliteketea kwenye moto wa mwaka 1984. Zilizobaki zilikuwa zimeharibika, lakini ndani yake mlikuwa na sekunde ambazo Uingereza haikuwahi kuziona. Dracula anainamia uso wa mwathiriwa wake Mina taratibu kabla ya kumuuma. Na mwishoni, jua likiwa limemfikia, anapeleka mkono usoni na kuikwangua ngozi yake mwenyewe, vidole vikiacha mifereji. Ni sekunde chache tu. Ila bila hizo anafifia kuwa majivu kwa haraka, kama vile mhariri alikuwa anawahi basi.

Sekunde hizo zimo kwenye Blu-ray ya Uingereza iliyotolewa na Lionsgate mwaka 2013, ambayo ina matoleo mawili: ule ukarabati wa BFI wa 2007, na wa Hammer wa 2012 uliochomekwa vipande vya Tokyo. Blu-ray ya Marekani, ya Warner Archive ya mwaka 2018, haina vipande hivyo. Basi kwa nini mtu aitake? Rangi. Wengi, nami nikiwemo, tunaiona ya Uingereza ni ya baridi mno, buluu imewaingia hata watu mashavuni, ilhali ya Marekani ina joto linaloyafanya yale mapazia na mishumaa vipendeze. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ya uhakika ni yenye herufi B: chukua ya Uingereza, kisha punguza buluu kidogo kwenye TV yako.

Za baada ya hapo pita nazo upesi. The Brides of Dracula ya 1960 haina Dracula wala Lee, lakini ni nzuri kuliko nyingi zinazowapa wote wawili. Dracula: Prince of Darkness ya 1966 ilipigwa kwa upana mkubwa, kwa hiyo kataa nakala yoyote inayojaza kioo cha TV cha zamani, nusu ya picha imebaki nje. Lee hasemi hata neno moja humo. Dracula A.D. 1972 ni ya kucheka, inunue kwa bei ya punguzo.

La maschera del demonio ya Mario Bava, ya mwaka 1960, inakuja kwa majina Black Sunday na The Mask of Satan. Majina hayo yana maana kwenye kasha: Black Sunday ya Marekani ilipunguzwa makali, hasa ule mwanzo ambapo kinyago chenye miiba ndani kinapigiliwa nyundo usoni mwa Barbara Steele, na muziki wa Roberto Nicolosi ukatolewa, ukawekwa wa Les Baxter. Uingereza iliipiga marufuku hadi 1968. Toleo la Arrow la mwaka 2013 lina zote mbili. Soma jina la mtunzi wa muziki nyuma ya kasha. Ukiona Baxter peke yake, endelea kutafuta.

Mwaka 1979 una mitego miwili. Dracula ya John Badham, mwenye nafasi akiwa Frank Langella, ilioneshwa kumbini ikiwa na rangi kamili, kisha mwongozaji mwenyewe akaifubaza mwaka 1991 hadi ikakaribia kuwa nyeusi na nyeupe, na diski zikamfuata. Mwaka 2019 Scream Factory walitoa zote mbili pamoja. Mimi ni wa rangi kamili. Nosferatu ya Werner Herzog, yenye Klaus Kinski na Isabelle Adjani, mazungumzo yake mengi yalipigwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Chagua Kijerumani kwenye menyu. Kwa Kiingereza waigizaji wanasikika kama wanasoma tangazo.

Msomaji wa Kiafrika nisimwache bila Blacula ya 1972. Jina ni la biashara, na wengi hulicheka wakaiacha. William Marshall, mwigizaji aliyelelewa na tamthilia za Shakespeare, hakukubali kucheza kikaragosi, akasukuma mhusika wake awe na nasaba. Ndiyo maana filamu inaanzia mwaka 1780, mwanamfalme Mamuwalde akiwa amesafiri hadi kwa Dracula kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa. Dracula anamcheka, anamgeuza mnyonya damu na kumfungia jenezani, naye anakuja kuzinduka Los Angeles karibu miaka 200 baadaye. Dakika hizo za mwanzo, Mamuwalde akiwa amesimama kwenye chumba cha mwenyeji anayemuona mkewe kama bidhaa, zina uzito ambao filamu iliyobaki haiufikii tena. Scream Factory waliitoa pamoja na mwendelezo wake wa 1973, Scream Blacula Scream, alimo Pam Grier.

Ya Bill Gunn, Ganja & Hess ya 1973, ni ngumu na ni bora zaidi. Watayarishaji walitaka Blacula nyingine, wakapewa filamu ya taratibu juu ya imani, uraibu na mapenzi, kisha ikakatwa hadi dakika 78 na kuuzwa kama Blood Couple. Ya Gunn ina dakika 113, iliyotunzwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York, na ndiyo iliyo kwenye diski za Kino Lorber. Hapo dakika ndizo mwamuzi.

Diski ikishafika, usiiangushe kwa TV iliyopangwa vibaya. Zima ule mpangilio unaolainisha mwendo, unaogeuza kila filamu kuwa tamthilia ya mchana. Filamu za kabla ya 1950 ni karibu mraba, kwa hiyo mistari myeusi kulia na kushoto ni halali yake, usiivute picha Lugosi akanenepa. Zima taa. Vivuli vya Freund vikiangaziwa na balbu ya sebuleni vinabaki matope. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha usiyatarajie, mimi sijayaona kwenye hata moja ya hizi. Ya Kiingereza yapo karibu zote. Diski ikichafuka ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Mwisho, kuna jina utakalokutana nalo kila unapozoea mambo haya: London After Midnight ya 1927, Lon Chaney akiwa na kofia ndefu na meno kama msumeno. Haipo. Nakala ya mwisho inayojulikana iliungua kwenye ghala la MGM mwaka 1965. Kilichopo ni picha mnato zilizopangwa mwaka 2002 kufuata hadithi, nazo zimo kwenye seti ya DVD za Chaney. Anayekutangazia filamu kamili anakuuzia ama picha hizo, ama Mark of the Vampire, ambayo Browning aliitengeneza mwaka 1935 kwa hadithi ileile. Hiyo ya pili ni salama, ina Lugosi na inakwenda saa moja hivi. Inunue kwa jina lake.